Mkono wa Gia wa Bwana Noormohamed

Jumatatu moja ya mwaka wa arobaini na nane, saa mbili unusu asubuhi, fundi Kingi alikuwa amelala chali chini ya gari la viti viwili katika banda lake nyuma ya uwanja wa Tononoka, Mombasa, akikinga oili kwa debe la samli. Gari lilikuwa jekundu, limeletwa kwa meli kutoka Marekani, usukani wake uko kushoto, na lilikuwa likijibadilishia gia lenyewe. Mwenye gari, Noormohamed muuza kanga, alikaa juu ya kiti alichokuja nacho kutoka dukani, akisoma barua kwa sauti.

Barua ilitoka kwa chama cha wenye magari. Ilisema kwamba gari linalojibadilishia gia haliwezi kuingia katika mashindano ya mwaka, kwa kuwa mashindano ni ya watu, si ya magari. Gia zibadilishwe kwa mkono.

"Waweza, fundi?"

"Naweza, Bwana. Lakini itabidi niitoboe sakafu."

"Toboa."

Kazi hiyo Kingi aliisomea jeshini, kule Burma, alikotengeneza malori huku matope yamemfika kiunoni. Alifanya kazi siku kumi na moja. Aliitoa giaboksi ya Kimarekani, akatia nyingine ya lori bovu la jeshi, akaikata shafti na kuiunga upya. Akaongeza pedeli ya tatu, ya klachi. Akatoboa sakafu, akausimamisha mkono wa gia, na juu yake akatia kirungu cha mpingo alichokichonga mwenyewe. Siku ya kumi na mbili aliliendesha gari kuuzunguka uwanja mara tatu, na gia ziliingia kama kisu kwenye halua.

Noormohamed akalichukua gari lake. Kesho yake akarudi kwa miguu, akasema mkono wa gia haumo garini.

Ulikuwa bandani. Ulisimama kando ya meza ya kazi, umechomoza kwenye saruji, na saruji yenyewe haikuwa na ufa. Kingi aliukata kwa msumeno, akaurudisha garini, akauchomelea. Asubuhi ulikuwa bandani tena, mzima. Aliurudisha mara ya pili. Safari hii ulimfuata mpaka nyumbani, na alipokaa mkekani kula chakula cha mchana, ukawa uko kuliani kwake.

"Baba Nyevu," akasema mkewe Mejumaa, "kitu hiki kitakaa hapa?"

"Naona kitakaa."

"Kikikaa nitaanika kitambaa juu yake." Akaanika juu yake kitambaa cha sahani.

Tangu siku hiyo mambo yakawa yanakwenda hivi. Noormohamed akikanyaga klachi, popote alipo, goti la kushoto la Kingi lilikaza. Kingi akinyoosha mkono wa kulia akitia gia, gari liliingia gia. Hakuna aliyemfundisha ni gia gani; goti lilimwambia. Kwenye kona ya ngome ilikuwa ya pili, mtaa wa kanga ilikuwa ya kwanza kwa sababu ya mikokoteni, na goti likikaza mara mbili kwa aibu, Noormohamed alikuwa amepita mlango wa nyumba yake na anataka kurudi nyuma. Kingi akienda kwa kinyozi, mkono wa gia ulimngoja kando ya kiti. Akienda msikitini, ulisimama nje penye viatu. Alimwomba Noormohamed asiendeshe wakati wa sala, naye Noormohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa sala, alikubali.

Wiki moja kabla ya mashindano, Zakir, katibu wa chama, alikuja Tononoka kulikagua gari. Alilikagua lilipoegeshwa, kisha akaingia bandani na tepu yake, akaupima mkono wa gia kutoka kwenye saruji hadi kwenye kirungu.

"Sheria yasema gia zibadilishwe kwa mkono," alisema. "Huu ni mkono."

"Wa nani?" akauliza Kingi.

"Sheria haisemi."

Akatia sahihi. Kingi akafuta mikono yake kwa pamba, akauliza kama jina lake litaandikwa kwenye fomu. Zakir hakuwa mtu wa dharau. Aliigeuza fomu, akamwonyesha kwa kalamu.

"Hapa pana mstari wa dereva, na hapa pana mstari wa gari. Wewe ni yupi?"

Kingi akafikiri sana. Dereva hakuwa, maana hata kiti hakukikalia. Gari pia hakuwa.

"Basi jina tuliache," akasema Zakir kwa upole, akaikunja fomu.

Jumamosi jioni ikaja habari kutoka Tiwi kwamba mamake Kingi, Mwanarusi, amefariki. Kingi alikwenda kumwarifu Noormohamed. Noormohamed aliweka chini kikombe chake cha chai, akainamisha kichwa, akamwombea marehemu, na macho yake yakalengwa na machozi, kwa kuwa naye mamake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia.

"Nenda kamzike mama, fundi. Hilo si la kuulizana. Mashindano ni saa nne."

"Na maziko ni saa nne, Bwana."

"Basi hatutagongana. Wewe utakuwa Tiwi, mimi nitakuwa hapa."

Asubuhi Kingi na Mejumaa walivuka feri ya Likoni, mkono wa gia umesimama kati yao. Abiria waliuruka wakienda kukaa. Bibi mmoja alitundika juu yake kikapu chake cha tambi na kukitwaa tena walipofika ng'ambo.

Huko Tiwi mkono wa gia uliota ukingoni mwa kaburi, kwenye udongo mwekundu uliotoka kuchimbwa. Wachimbaji walisogeza jembe ili wasiukwaruze. Mwili ulipokuwa ukiteremshwa, goti la Kingi likakaza, naye akatia gia ya kwanza. Likakaza tena, akatia ya pili, kisha ya tatu, huku amesimama na wenzake wakiitikia dua. Alijua mahali gari lilipo kana kwamba amelikalia: limeiacha ngome, limepita Kilindini, sasa linateremka kuelekea mnara wa taa.

Ikafika zamu yake kutia udongo. Aliinama, na goti likakaza kwa nguvu ambayo hajaiona. Aliamua kuliacha. Mama ni mmoja, alijiambia, na gari ni chuma. Lakini aliijua ile kona ya mnara wa taa, na alijua kwamba watu walikuwa wamejipanga hapo wameshika watoto wao, na kwamba gari lile likiingia hapo kwa gia ya tatu halitapinda. Mkono wa kulia ukaenda kwenye kirungu, ukarudisha gia ya pili. Udongo akautia kwa mkono wa kushoto, mara tatu, kama desturi.

Mjomba wake, mzee Masha, alimnong'oneza, "Mkono wa kulia, mwanangu. Huyu ni mamako."

"Wa kulia uko kazini, mjomba."

Mzee Masha akautazama ule mkono wa gia, akatikisa kichwa, akachukua udongo wake.

Noormohamed alishinda. Siku ya tano alikuja Tononoka na mkewe Khatija kutoa pole. Walileta mchele, sukari na doti mbili za kanga. Khatija alimkumbatia Mejumaa wakalia pamoja. Noormohamed alikaa mkekani, kikombe cha fedha pajani, kwa kuwa alitaka Kingi akione.

"Pale kwenye mnara wa taa, fundi, ulinitilia gia vizuri mno. Nilisema, lahaula, leo sitoki. Kisha nikausikia mkono wako."

Kingi alikishika kikombe, akayasoma maandishi. Lilikuwepo jina moja.

"Kwani gari aliliendesha nani?" akauliza Khatija, akimtazama mumewe.

"Mimi nilikuwa nimekaa ndani," akasema Noormohamed.

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Mejumaa akaleta kahawa.

Kingi aliunawa mkono wa kushoto mara nyingi siku zile, kwa sabuni na kwa ndimu, na udongo mwekundu ulikuwa umekwishatoka tangu mara ya kwanza. Jumatano iliyofuata aliketi bandani, akaitia mikono yote miwili kwapani, akaliacha goti likaze. Gari lilisimama katikati ya mtaa wa kanga. Noormohamed alikaa humo kwenye jua bila kumgombeza mtu. Wenye maduka walimletea maji na upepeo, na askari aliipitisha mikokoteni pembeni. Goti lilikaza mara mia mbili na kumi. Ilipokaribia alasiri, likawa linakaza kwa unyonge, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa. Kingi akautoa mkono, akatia gia ya kwanza. Gari likaondoka.

Wanachama wengine walikuwa wamekwisha kuona kwamba Noormohamed anaendesha vizuri bila kuchoka. Walileta magari yao kwa mafundi wa Tononoka, wakataka yatengenezwe vivyo hivyo, hata yale yaliyokuwa na gia za mkono tangu kiwandani. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwako mikono ya gia kumi na minne, imesimama mabandani na majumbani, na wake wa mafundi waliifagia kandokando.

Chama kikafanya karamu ya mchana kuufunga mwaka. Zakir alisoma hotuba. Alisema kwamba zama za magari ya kujiendesha zimepita, na kwamba mtu wa Mombasa leo anaendesha kwa mkono. Wakapiga makofi, wakala biriani, wakaagana mlangoni, wakapanda magari yao.

Tononoka ilikuwa saa ya chakula. Wanaume kumi na wanne waliyarudisha matonge yao sahanini, wakaramba vidole, wakatia gia ya kwanza.