Upande wa Ugali

Mtaani Mowlem hakuna ziwa wala mto wa maana, kuna mitaro ya maji machafu tu. Kwa hiyo Shitanda aliposema kwamba yeye ni mpiga makasia, majirani walidhani amejiunga na kanisa jipya. Mchana alipaka rangi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Mwaka wa tisini na tano kiwanda kilimtuma bwawani, upande wa pili wa jiji, akapake rangi banda la mashua la klabu. Alipomaliza aliomba ajaribu mashua moja. Ikapinduka papo hapo, na akaipenda.

Zilikuwa mashua za mtu mmoja, nyembamba, kasia moja kila mkono. Tena mpiga makasia huketi akitazama alikotoka. Anakwenda kinyumenyume kwa nguvu zake zote na aendako hakuoni. Mkewe, Khalayi, alipoelezwa alicheka mpaka akaweka chini mwiko. "Baba Nasike, huo ni mchezo au ni adhabu?"

Shitanda alimvuta huko rafiki yake Ochola, mchomeleaji wa vyuma aliyeishi Huruma. Walifanya mazoezi Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya ibada. Kwa kuwa wote wawili walitazama nyuma, aliyetangulia ndiye aliyeyaona maji yanayomngoja mwenzake, na kazi yake ilikuwa kumpigia kelele. Siku za mwanzo Shitanda aliita, "Kulia!" naye Ochola akauliza, "Kulia ya nani? Yangu ama ya mashua?" Kabla hajajibiwa alikuwa majini.

Basi neno hilo wakalipiga marufuku. "Ugali!" ukawa upande wa mkono unaomega tonge. "Sufuria!" ukawa upande wa mkono unaoshika sufuria ugali ukisongwa.

"Hii Mluhya hawezi sahau hata akiwa amelala," Ochola alisema.

"Na nyinyi watu wa ziwani mngesema samaki, mkaanza kubishana ni kichwa ama mkia," Shitanda akamjibu.

Miaka ikapita hivyo. Katika kila shindano la klabu Ochola alikuwa wa kwanza na Shitanda wa pili, na kusema kweli hilo halikumuuma sana. Lilianza kumuuma mwaka wa tisini na nane, klabu ilipotangaza nafasi moja tu ya kwenda kushindana Afrika Kusini. Umri ulikuwa umemkimbia. Alijua kwamba akiikosa hiyo, atazeeka akiitwa wa pili.

Siku ya mchujo alijikaza kuliko alivyowahi kujikaza, akaongoza. Lakini Ochola alikuwa akija. Shitanda aliuona mgongo wake ukikaribia, ukipanda na kushuka bila haraka, na akajua atapitwa. Hapo ndipo alipoliona gugu maji. Mwaka huo lilikuwa limeanza kulimeza bwawa, na fungu kubwa lilikuwa limekatika, likisukumwa na upepo kuelekea njia ya Ochola. Ochola alipaswa kukimbilia upande wa ugali.

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Shitanda akalimeza.

"Kulia!" aliita, kwa sauti kubwa. "Kulia!"

Ochola alisita, kidogo tu. Kulia ya nani? Akachagua upande, akakosea, kasia likanasa kwenye magugu na mashua ikageuka juu chini. Shitanda akavuka mstari peke yake.

Ukingoni watu walimpongeza mara mbili, kwa kushinda na kwa uungwana. Kocha alisema wachache wangemwonya mpinzani. Na kweli alimwonya, kila mtu alisikia! Hilo ndilo lililomtesa. Angekaa kimya angekuwa mwoga tu. Yeye alikuwa amepiga kelele, akavuna na sifa juu yake, na aliona haya hata kumtazama Khalayi alipokuwa akimpigia vigelegele mlangoni.

Jumapili wana kanisa walikuja nyumbani kumwombea safari. Ochola alikuja pia kutoka Huruma, bila kinyongo, akakaa karibu naye kwenye chakula.

"Lakini siku ile ulinishangaza, maze," alisema akimega tonge. "Mluhya asahau ugali!"

Nyumba nzima ikacheka. Khalayi alicheka kuliko wote. Shitanda naye alicheka, akamega tonge jingine.

"Mbio huchanganya mtu," Ochola akaendelea, akimpiga begani. "Usijali. Nitakuwa nakupeleka mazoezi mpaka uende. Huwezi jifunza peke yako."

Ungekuwa wewe ungesema hapo hapo. Kila mtu hujiona hivyo. Shitanda alisema asante.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Ochola alitangulia na Shitanda akafuata, wakivuta kwa kasi ya mashindano. Shitanda hakuona kitu ila maji aliyokwisha kuyapita. Ghafla akasikia nyuma ya mgongo wake sauti ya rafiki yake:

"Ugali! Shitanda, ugali!"

Na moyo ukamlipuka. Anajua, aliwaza. Amengoja mpaka leo. Ananilipa. Ningekuwa yeye, na niliyotendewa ni hayo, ningeita upande gani? Mikono yake ikajibu kabla yake. Akakata kwa nguvu upande wa sufuria.

Gugu maji likamdaka. Kasia lilinasa, mashua ikalala ubavu, na bwawa lote likamwingia puani. Alipoibuka, mizizi imemzonga shingoni, Ochola alikuwa ameshageuka na kumfikia, akimnyooshea kasia ashike.

"Si nimeita ugali?"

"Umeita."

"Hukusikia?"

"Nilisikia."

Ochola alimtazama. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni, na Shitanda akaona jinsi jambo lile lilivyomfikia, polepole, likishuka usoni mpaka mikononi. Mtu hamwogopi rafiki yake bure.

"Ochola," alisema. "Siku ile..."

"Shika kasia."

Alishika. Ochola akamkokota mpaka ukingoni. Shitanda alipopata pa kukanyaga, Ochola alilivuta kasia lake na kuanza kurudi katikati ya bwawa. Kwa kuwa waendao majini hivyo hutazama walikotoka, uso wake ulibaki kwa Shitanda.

"Nilijua," alisema, akizidi kwenda mbali. "Nilijua tu Mluhya hawezi sahau ugali."