Mbia wa Dawati la Nyuma

Siku ile mjinga alikuwa Masalu. Mwenyewe hakatai, ukimuuliza ananyoosha mkono kama anaitwa mahudhurio.

Madam Eufrasia alikuwa ameandika ubaoni zoezi la kifo cha mbia. Mbia akifa, alisema, ubia umekufa naye: mali inathaminiwa, hesabu inafungwa, fungu la marehemu linakwenda kwa warithi. Kisha akaonya, kama anavyoonya kila mwaka, kwamba wabia waitwe A na B tu. Darasa zima la chuo kile cha Bariadi likaandika A na B. Masalu, aliyetaka aonekane anajua biashara, akaandika Maige na Bundala, mashine ya kusaga, Lalago.

Maige ni baba yake mdogo, ndiye anayemlipia ada. Bundala alikuwa mbia wake, na huu ni mwaka wa pili tangu azikwe.

Bundala aliingia saa nane na dakika kumi mchana, mweupe kwa unga mpaka kope.

"Mwadila," akasalimu, akaenda kukaa dawati la nyuma.

"Umechelewa," Madam alimwambia. "Jina?"

Akamtajia. Madam akaliandika chini kabisa ya orodha, akaendelea na akaunti ya mtaji.

"Mzee, pumulia kule," alinong'ona Joakim, aliyekaa naye. "Shati langu jeusi."

Kesho yake Bundala alikaa dawati moja mbele. Keshokutwa, moja tena. Hakuuliza swali, hakushika kalamu. Nyayo zake za unga zilielekea alikokaa Masalu, na hakukuwa na za kurudi. Mfagizi alilalamika kwamba kila akizoa, ndoo inazidi kuwa nzito. Siku ya nne alikuja mhasibu wa chuo kudai ada. Akafungua kompyuta yake, akaitazama sana, akasema huyu hadaiwi, kalipa mpaka muhula wa mwisho. Akaondoka.

Jumamosi Masalu alikwenda Lalago. Kwenye foleni ya mashine alimkuta Kwandu, mjane wa Bundala, na debe lake la mahindi, akisubiri kulipia kusaga kama watu wengine.

"Mume wangu anasoma vizuri?" akauliza.

"Anasoma, mayu."

"Mwambie kwamba Maige kapandisha bei. Mwezi huu nimeuza mbuzi wa mwisho. Sijui mwezi ujao nitauza nini."

Masalu akaona haya kuingia ndani kumsalimu baba yake mdogo. Akarudi Bariadi.

Jumatatu, Bundala alikaa nyuma yake kabisa. Kila alipovuta pumzi, kifuani mwake ilisikika mashine ikisaga, na ilikuwa inasaga bila mahindi. Masalu akafunga hesabu ile mara tatu. Mara zote fungu la marehemu likatoka nusu ya mashine. Akampigia simu Maige.

Maige alifika Jumanne kwa pikipiki, akapangusa viatu mlangoni. Bundala alikuwa amesimama ubavuni mwa Masalu, anangoja apishwe. Masalu alikuwa ameng'ang'ania dawati kwa mikono miwili.

Wale wabia wawili wakapeana mikono, wakaulizana habari za mvua. Maige akajifuta kiganja kwa leso.

"Haya, umeniitia nini?"

"Nusu ya mashine ni ya mama Kwandu, baba mdogo. Hesabu hii hapa."

"Kasema nani?"

"Kitabu. Na mwenyewe si huyu?"

"Mwenyewe hajanidai. Tumesalimiana vizuri, umeona."

"Basi kama hakudai wewe, kwa nini anifuate mimi? Mashine sina, bei sijapandisha. Mimi nimekula nini cha kwake?"

Maige akavaa helmeti yake, akafunga mkanda wa kidevuni taratibu.

"Ada. Sogea, mwenye ada akae."