Taa ya Kijani ya Sairowua

Tangu Jumatatu mkahawa wa intaneti wa Wilibrodi ulikuwa na kelele kama mnadani. Jamvini, ule mtandao ambao mwaka huo wa 2009 kila kijana wa Karatu alikuwa na ukurasa wake, ulikuwa umebadilishwa sura bila mtu kuulizwa. Picha zimehamia kushoto, barua zimefichwa, kitufe cha kutokea hakionekani hata kwa tochi. Halafu wameweka taa: aliyemo mtandaoni, kitone cha kijani kinawaka kando ya jina lake.

Doreen, mwenye saluni mlango wa tatu kutoka hapo, alikiona kitone hicho kwenye jina la mchumba wake, akanyamaza. Na Doreen akinyamaza, mtaa mzima unajua mvua ya mawe iko njiani.

Sairowua, dereva wa watalii, alikuwa ameondoka Jumapili kwenda kwao Samunge kuwachukua baba yake na wazee wawili, waje kujitambulisha kwa Scholastika, shangazi yake Doreen, siku ya Jumamosi. "Kule hakuna mtandao, hata simu haishiki," alisema. Sasa hiyo taa ni ya nani? Asubuhi inawaka. Mchana inawaka. Jioni ndiyo kwanza imekaza.

"Shoga, mimi sisemi kitu," Flaviana alisema kwenye kiti cha saluni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Ila sijawahi kuona mtu anachunga ng'ombe huku anachati siku nne."

"Labda kuna kompyuta ya misheni."

"Labda. Na labda yuko Arusha, miguu juu ya kochi la mtu. Sisemi kitu. Aii, usinivute hivyo, mimi siye Sairowua!"

Ijumaa moyo ulimshinda Doreen. Akaenda kwa Wilibrodi, akaandika: "Nimekuona siku zote hizi. Kesho usije, na wazee wasisumbuke." Akatuma. Nyumbani mbege ya shangazi, ile pombe ya ndizi, ilikuwa imeshaanza kuchacha, na nusu ya kwaya ilikuwa imeshaalikwa.

"Kaka Wili, nitoe humu niende," akaita.

"Nikutoe vipi, dada? Tangu Jumatatu hakuna anayetoka. Nikishamfungulia mtu asubuhi, ndiyo hivyo, anashinda humo."

"Ukishamfungulia nani?"

Wilibrodi akainua daftari lake la maneno ya siri. Mtandao wa Karatu ulikuwa wa kusuasua, ukurasa mmoja ulikula nusu saa ya mteja. Kwa hiyo wateja wa kudumu, Doreen mwenyewe akiwemo, walimwachia maneno yao, naye aliwafungulia mapema, wakija wakute tayari. Hakuna aliyeona ubaya. Ulikuwa ukarimu.

"Na Sairowua?"

"Nimemfungulia kila siku. Hakuniaga kwamba anasafiri."

Kumbe taa aliiwasha Wilibrodi, na ujumbe umeshakwenda. Sairowua akishuka safari huanzia hapo kwa Wilibrodi, kabla hata ya kunawa uso. Akarudi kwenye ujumbe wake, akautafuta ufutio. Zamani ulikuwa chini kulia. Wameuondoa, umebaki kwenye barua za kuingia tu.

"Watu hawa wana laana! Kaka Wili, neno lake unalo. Futa huko kwake."

"Wangu tu. Mengine usiguse," Doreen akaongeza, akageukia ukutani, akaikazia macho kalenda ya duka la mbolea.

Vibonye vikalia. Vikanyamaza. Vikalia tena.

"Tayari."

"Kulikuwa na mengine?"

"Dada, umesema nisiguse."

"Kugusa ni kugusa. Kuona je?"

Wilibrodi akafunga daftari.

Jumamosi wageni walifika na vumbi lao, wazee watatu wenye lubega na fimbo. Nyumba ikajaa mpaka watoto wakakaa dirishani. Doreen alikuwa jikoni akipakua pilau Sairowua alipoingia kuomba maji, asiyanywe.

"Jumatano nilishuka mjini Wasso kutafuta gari la wazee," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaingia Jamvini kidogo. Wameweka taa siku hizi. Yako ilikuwa inawaka asubuhi, nikarudi jioni, bado inawaka. Ulikuwa unaongea na nani?"

Mwiko ukasimama hewani.

"Uliiona Jumatano?"

"Jumatano."

"Na ukawaleta wazee?"

"Walikuwa wameshavaa," alisema, bila kucheka. "Nikasema nitakuja kukuuliza mwenyewe."

Doreen akaufikiria ule ujumbe ambao sasa ulikuwa umebaki kwake peke yake, usiofutika. Akamkabidhi sinia la kwanza.

"Wapelekee wazee. Kesho baada ya ibada twende wote kwa Wilibrodi," alisema. "Na mimi nina kitu cha kukuonyesha, kwenye ukurasa wangu."