Inazima Nikiondoka

Nilisikia feni ya kompyuta kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa ikivuma, sauti ikipanda kama pumzi ya mtu anayekimbizwa, hadi ngazi za ile nyumba ya mbao zikaonekana kunung'unika nayo. Kisha: tak. Kimya.

"Imekufa tena!" Mama Généreuse alipaza sauti ndani. "Alliance, fungua, injinia amefika."

"Injinia gani?" Alliance, binti yake, alinifungulia huku akinipima kwa macho. "Huyu wa Jumatano? Bon, haya, aingie. Labda leo ataitengeneza."

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na ilikuwa mara yangu ya tatu wiki hiyo. Hapa East Side, mtaa wetu huku ughaibuni, kati ya watu wa kanisa letu, hakuna kompyuta iliyowahi kunishinda. Nilikuwa nimelisema hilo mwenyewe baada ya ibada, kwa sauti, bila kuulizwa. Sikusomea darasani. Nilijifunza kwa kufungua mashine zilizotupwa kando ya barabara na kuzifunga tena mpaka zikatii. Kwa hiyo kila mashine iliyogoma niliiona kama mtu anayenitukana.

Na hii ilinitukana vibaya. Nikiwepo, inafanya kazi saa nzima bila kukohoa. Nikiondoka, dakika ishirini haziishi, inazima. Jumatano nilisema ni virusi. Nikafuta diski yote na kuweka mfumo upya. Alhamisi nikabadilisha kipande cha kumbukumbu. Na Jumamosi, saa nane mchana, Mama Généreuse alitakiwa kuketi mbele ya kompyuta hiyo, kamera ikimtazama, afanye mtihani wa leseni ya kutunza wagonjwa. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, na nafasi nyingine isingekuja kabla ya mwaka kwisha. Mashine ikizima katikati, angebaki kiwandani akikata kuku kwenye baridi, na vidole ambavyo asubuhi havikuweza tena kufunga vifungo vya koti.

"Donc, kumbe inakuogopa wewe," Mama Généreuse alisema. "Hamia hapa basi, tukupe godoro."

Sikucheka. Niliketi sakafuni, nikaweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta ili nifikiri. Kitambaa kilichokuwa juu yake kilikuwa moto kama pasi.

Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kimenyooshwa kwa wanga, kikaning'inia mbele na nyuma, palepale joto linapotokea. Kila sebule ya watu wetu ina vitambaa hivyo: juu ya televisheni, juu ya redio, migongoni mwa viti. Kwa mama yangu vipo kumi na viwili. Mgeni asiyetujua angekiona dakika ya kwanza. Mimi, kila nilipokuja, nilikitoa, nikakikunja kwa heshima, nikafanya kazi yangu. Nikiondoka, Mama Généreuse alikirudisha.

"Mama, ni kitambaa. Hewa moto haina pa kutokea."

"Hicho nilikifuma kambini, ukimbizini. Kilifunika redio miaka tisa, na redio haikulalamika."

"Redio haina joto hili."

Alliance alicheka hadi akaegemea ukuta. "Siku tatu, injinia! Kitambaa!"

Nilivumilia. Nikakitoa kitambaa, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikaiwasha mashine. Dakika ishirini zikapita, arobaini, saa nzima. Feni ikanong'ona tu. Mama Généreuse akavuta kiti, akavaa miwani.

"Bon. Sasa nisikilize masomo yangu."

"Masomo gani?"

"Yale niliyorekodi. Nasoma Kiingereza, halafu najielezea kwa Kiswahili chetu. Miezi sita. Nayasikiliza humu nikipika, maana simu yangu imejaa nyimbo za kwaya. Tangu hii ianze kuzima sijayagusa, niliogopa yasiharibike." Alisogeza mshale taratibu, akafungua hapa, akafunga pale. "Yako wapi?"

Jumatano nilikuwa nimeona folda iliyoandikwa SAUTI, nikadhani ni nyimbo. Sikuuliza. Fundi anayejua haulizi, ndivyo nilivyojiona. Sasa uongo ukanijia ukiwa tayari, laini, wa kunitosha kabisa: virusi vimeyala. Nani angenipinga?

"Ni mimi," nikasema. "Niliyafuta Jumatano. Sikukuuliza. Na hayarudi."

Hakulia. Ingekuwa nafuu kwangu kama angelia. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, muda mrefu. Alliance hakuwa na mzaha tena.

"Unasoma Kiingereza haraka?" Mama akauliza hatimaye.

"Haraka."

Aliingia chumbani, akarudi na kitabu kinene chenye kurasa zilizokunjwa pembe, akakiweka magotini pangu. "Soma. Mimi nitaeleza. Nikikosea, usinicheke."

Tulianza na somo la kumgeuza mgonjwa kitandani. Nilisoma, alieleza, mikono yake ikimgeuza hewani mtu asiyekuwapo, polepole, kama anayeujua uzito wake. Aliongeza lile ambalo kitabu hakikulisema: kwamba umwambie mgonjwa kwanza, ndipo umguse. Nikasoma sentensi iliyofuata.

Tulipofika ukurasa wa thelathini, alihesabu kwa kidole unene uliobaki.

"Hatutamaliza kabla ya kesho," alisema, bila hasira.

"Hatutamaliza." Nilisimama, nikamtazama usoni. "Mama Généreuse, kesho asubuhi na mapema niko hapa, tusome hadi saa ya mtihani. Ukianguka, Jumatatu tunaanza ukurasa wa kwanza, tunarekodi upya, kila jioni, hata zikiwa jioni za mwaka mzima. Nakuahidi."