Mbwa Aliyetii Kupita Kiasi

Mzee Agustino alimpigia simu daktari wa mifugo akasema kwa kifupi: aje na sindano, mbwa ni mjinga, hafai kuishi. Dokta Mwanvita alikuwa amesomea tabia za wanyama kwa miaka mingi, na malalamiko juu ya ujinga alikuwa ameyasikia mengi. Mara chache sana ujinga wenyewe ulikuwa wa mbwa.

Nyumba ilikuwa Kilakala, upande wa juu, ambako ukungu wa milima ya Uluguru hushuka hadi kwenye mabati. Mzee alikuwa anamsubiri getini, mikono nyuma. Pembeni yake alisimama mbwa mkubwa wa kahawia, mwenye afya na macho makini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na sindano?"

"Ninayo. Kafanya nini?"

Alichofanya kilikuwa kimeshazunguka mtaa mzima. Jioni moja ya mvua mwizi aliruka ukuta akabeba pampu ya maji. Mzee alitoka barazani akipiga kelele: "Sita! Sita! Kamata, Sita!" Mbwa, aliyekuwa ameshamkaribia mwizi, alisimama ghafla akaketi kwenye matope. Kadiri mzee alivyopaza sauti, ndivyo mbwa alivyozidi kugandamiza makalio yake chini. Mwizi alipata hata nafasi ya kuhamishia pampu bega la pili.

"Akamsindikiza kwa macho kama mgeni rasmi," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma. Alikuwa Bi Zuhura, jirani. Hakupenda mbwa wamsogelee, lakini habari zao hazikumpita.

"Nani kakuita, Zuhura?"

"Pampu yako ilipita kwangu, Agustino. Tangu hapo nimo."

Mwanvita aliuliza mbwa alipatikana wapi. Mzee alimnunua kwa kijana anayefundisha mbwa wa ulinzi, akamwita Sita kwa kuwa ni mbwa wa sita kufugwa katika nyumba ile. Amri zote kijana alizifundisha kwa Kiingereza. Hilo halikumshangaza daktari. Mji umejaa watu wazima, wengine na shahada zao, wanaoamini kwamba mbwa huzaliwa akikijua Kiingereza. Humfokea mtoto kwa Kiswahili, kisha wakamgeukia mbwa na "kamu hia," na hakuna anayecheka.

"Na kukaa chini alifundishwa kwa neno gani?"

"Siti," alisema mzee, kwa matamshi ya kujivunia.

Mbwa akaketi.

"Unaona? Hilo analijua! Kuja ndiyo hataki. Namwita jina lake, anakaa. Nampiga, anakaa. Daktari, mimi sitaki kumwona tena."

Mbwa alikuwa ameinuka kunusa mkoba wa Mwanvita. Aliposikia *sitaki*, akaketi.

"Endelea, mzee," alisema Mwanvita.

"Niendelee nini? Nimesema sitamlisha mbwa wa namna hii." Mbwa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameinuka, akaketi. "Sitakubali mtaa unicheke!" Mbwa alikuwa chini tayari. Alijibana zaidi, masikio yamelala, akimtazama bwana wake kwa wasiwasi wa mfanyakazi asiyejua kosa lake.

Mwanvita aliona ameshajua vya kutosha. Mbwa hana Kiingereza wala Kiswahili. Hushika sauti na kile kinachoifuata, na maneno mawili yanayofanana kwake huwa neno moja. Jina alilopewa lilikuwa amri ya kukaa. Kila mzee alipokataa jambo, na alikuwa mtu wa kukataa toka asubuhi, mbwa aliisikia amri ile ile, akaitii, akapigwa.

Alimweleza mzee hayo bila kupunguza kitu. Aliongeza kwamba mbwa angeweza kumkamata mwizi, kama mwenyewe asingemkataza kwa sauti iliyofika hadi Mzinga, upande wa pili wa mji.

"Ngoja," alisema Bi Zuhura. "Saa sita!"

Mbwa, ambaye alikuwa anajinyoosha, akaketi. Bi Zuhura akacheka hadi akashika michongoma kwa mkono mtupu, akaguta kwa maumivu.

Mzee Agustino hakucheka. "Kwa hiyo mjinga ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kila kitu isipokuwa hilo. Jina nimetoa mimi, sitalibadilisha. Kama sindano imekushinda, kwaheri. Panga ninalo."

Alikuwa anamaanisha. Mwanvita aliliona hilo kwa ubaridi ule ule aliosomea majibu ya maabara. Hoja alikuwa ameishinda, na ushindi huo ungemuua mbwa. Alikuwa amemweleza mzee ukweli kwa sauti ambayo asingemsemesha nayo mbwa hata siku moja. Kumfokea mnyama aliyetishika, kisha kutarajia asogee: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwa kosa hilo.

Akashusha sauti.

"Mzee, nimepima mbwa wengi mkoa huu. Sijaona anayemsikiliza bwana wake hivi. Ukitamka nusu ya neno, ameshatii."

Mzee akamsogelea.

"Nusu ya neno?"

"Nusu tu. Wengine wanarudia mara kumi. Mbwa kama huyu, jina lake libaki. Tutabadilisha amri. Badala ya ile ya kijana, useme 'tulia'. Nitakuja kukusaidia kumzoesha."

Mzee akaachia mikono iliyokuwa nyuma. "Ile ya kijana kweli ilikuwa ya ovyo. Nilimwambia." Alimtazama mbwa kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Kwa hiyo ananiheshimu."

Heshima haikuwa kitu Mwanvita alichowahi kukipima kwa mbwa, wala hakuamini kinapimika.

"Sana, mzee," alisema, akafunga mkoba, sindano ikiwa ndani.

"Mama! Leta chai ya daktari!" mzee alimwita mkewe.

Chai ilikuja na tangawizi, sukari imezidi. Mwanvita alikaa barazani akainywa yote, huku Mzee Agustino akimfundisha, hatua kwa hatua, jinsi mbwa wanavyofikiri.