Majibu ya Mdogo Mtu

Fundi alikuwa katika mwaka wa tatu kwenye mashine ya figo. Kila Jumanne na Ijumaa alifunga cherehani saa tano asubuhi, akaenda hospitali kusafishwa damu, akarudi hoi kama nguo iliyokamuliwa. Siku nyingine alishona sare za shule. Mkono wa kushoto, wenye mshipa wa kuchomwa sindano, hakuubebesha hata kipande cha jora. Mteja akimpa mzigo, aliupokea kwa mkono wa kulia na kusema, "Huu mwingine ni mali ya hospitali."

Maji alipangiwa chupa moja ndogo kwa siku. Kiu ilimtesa kuliko sindano.

Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anamsumbua muda mrefu. "Figo ninazo mbili, Dada. Ya pili naiweka ya nini?"

Fundi alikataa katakata. Kisha kitanda cha jirani yake kule hospitali kikabaki kitupu Ijumaa mbili mfululizo. Hakuuliza. Alipofika nyumbani alimpigia mdogo wake simu. "Haya. Kapime."

Majibu walikwenda kuyachukua pamoja. Daktari aliyasoma, akayarudia tena tangu mwanzo.

"Mwalimu, wewe huwezi kutoa figo. Zako mwenyewe zimeshuka, zinafanya kazi nusu tu. Na presha iko juu, nadhani kwa miaka."

"Mbona siumwi popote?"

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Unaanza kimyakimya."

Nje walikaa kwenye benchi. Fundi alilia, na alipomaliza hakuweza kumtazama mdogo wake usoni.

"Nimejililia mimi kwanza," alisema. "Figo niliyoikosa. Wewe nimekukumbuka baadaye."

"Na mimi nilishusha pumzi kwanza, kwamba sitapasuliwa. Basi tuko sawa."

Jumapili Fundi aliingia jikoni kwa mdogo wake bila hodi. Alitoa kopo la chumvi na viungo vya pakiti, akavifunga kwenye mfuko. Juu ya kabati akakuta dawa za maumivu.

"Hizi unameza ngapi kwa wiki?"

"Watoto sabini darasani, Dada. Kichwa hakiniachi."

"Hizi zinamalizia figo. Usimeze tena kabla ya kumuuliza daktari. Za presha ndizo usiruke hata siku moja."

Walikula maharage yasiyo na chumvi. Mwalimu alitafuna kijiko kimoja muda mrefu.

"Kama nakula karatasi."

"Ulimi utazoea. Mwezi hivi."

"Wewe ulizoea?"

"Chumvi, ndiyo. Kiu, bado."

Mwaka umepita. Figo za mwalimu zimebaki pale pale kwenye nusu, na daktari anasema akijitunza anaweza kwenda nazo miaka mingi. Fundi hajapata mtu mwingine wa kumpa figo, na hatafuti tena kwa nguvu. Ijumaa mdogo wake akitoka shule humfuata, hukaa kando ya kitanda akisahihisha madaftari, huku damu ya dada mtu ikizunguka kwenye mirija.

Muuguzi alimuuliza siku moja kama haogopi kuitazama ile mashine.

"Naogopa," alisema mwalimu, akafungua daftari jingine.