Kuku wa Kemuma

Kemuma hakuogopa mtu. Siku moja nilimwona akimkunja shati mpiga debe wa stendi ya Keroka, jamaa mwenye shingo kama shina la mgomba, akimwamuru arudishe kikapu cha nyanya cha mama mmoja. Kikapu kilirudi, na nadhani nyanya ziliongezeka mbili. Lakini Kemuma huyu huyu akikutana na kuku, hata kifaranga wa juzi, aliganda pale pale. Viganja vilimlowa. Pumzi ilipanda juu juu, na macho hayakumbanduka yule ndege hata kidogo, asije akaruka.

Nilipogundua nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza kama kwao Gesima jogoo akiwika huwa wanaita polisi.

"Cheka," akasema. "Ukimaliza uniambie."

Nikamaliza.

"Jethro, mimi najua kuku hana meno. Najua nikimkanyaga anakufa yeye, sifi mimi. Kichwa kinajua yote hayo, mwili ndio hausikii. Ni yale mabawa. Yakipiga hivi, pa-pa-pa, ni kama yananipigia ndani ya koo."

"Ilianza lini?"

"Mama anasema jogoo alinirukia usoni nikiwa mdogo. Mimi sikumbuki jogoo. Nakumbuka kuogopa tu."

Ndiyo maana kazini alikuwa na raha. Aliuza vitambaa katika duka la Bwana Kirit na mkewe Prabha, ambaye Keroka nzima ilimwita Mama Avni. Wahindi wale hawakula nyama, kwa hivyo nyuma ya duka hapakuwa na kuku, manyoya wala supu. Kemuma aliniambia kwamba hapo ndipo mahali pekee alipotembea bila kuangalia chini.

Mama Avni naye alikuwa na lake: mjusi. Kila asubuhi, kabla mkewe hajaingia stoo, Bwana Kirit alichukua ile fimbo ya kupimia vitambaa, akagonga mlango mara tatu, akaingia, akakagua pembe zote, akatoka na kusema, "Hakuna." Hapo ndipo Mama Avni alipoingia. Nilimuuliza mzee amefanya hivyo kwa muda gani.

"Ishirini na mbili mwaka."

"Na hujawahi kumcheka?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa. "Cheka ya nini? Yeye naogopa."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Manga, mwalimu aliyeishia kidato cha nne, asiyesomea ualimu. Kesho yake niliigiza kisa hicho mbele ya walimu wenzangu, nikigonga mlango wa ofisi kwa rula. Hakuna aliyebaki kwenye kiti.

Agosti ya mwaka tisini na sita shule zilipofungwa, tulikubaliana nimpeleke Kemuma nyumbani kwetu Manga akaonwe na mama yangu. Tukitoka hapo, wazee wangeanza maneno yao ya ng'ombe wa mahari. Kemuma aliniomba kitu kimoja tu.

"Mwambie mama. Sitaki maneno mengi. Mwambie nina shida na kuku, awafungie siku hiyo, na asiniletee karibu. Nikijua anajua, nitatulia."

"Nitamwambia."

Nilienda kumwambia, kweli. Nilimkuta uani akiwarushia mahindi. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha mmoja mwenye madoadoa.

"Yule ni wa mgeni wako. Hata pasta wa kanisa sijampa."

Nikameza maneno. Kwetu mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu. Anapewa kuku hai, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na anayemkataa kuku amelikataa boma. Na shangazi yangu Kwamboka alikuwa pale pale akimenya viazi. Kumwambia Kwamboka ni kuitangazia Nyamira yote. Mimi niliyemcheka kila mtu, niliogopa kuchekwa. Nikajipa moyo kwa methali: dawa ya moto ni moto. Atamshika mara moja, aone hafi, na mambo yaishe.

Alhamisi nilipita dukani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema hakuna shida, kila binadamu ana lake."

Busara hiyo niliitunga hapo hapo. Kemuma akashusha pumzi, kisha akanishika mkono mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumapili tulipofika, uani hapakuwa na kuku hata mmoja. Mama alikuwa amewafungia wasichafue mbele ya mgeni. Kemuma akatazama huku na huku, mabega yakamshuka.

"Asante sana mama, kwa kunifikiria," akasema.

"Si kitu, mwanangu," mama akajibu, akidhani anashukuriwa chai.

Mimi nikanyamaza. Chai ilikuwa tamu.

Tulikula ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga na nyama ya ng'ombe niliyonunua mwenyewe, ndio msaada pekee niliotoa siku hiyo. Kemuma alicheka na mama mpaka Kwamboka akaninong'oneza, "Huyu usimwachilie." Kisha mama akatoka, akarudi ameficha mikono nyuma. Kemuma alikuwa ameketi kwenye kochi la ndani, lile lenye vitambaa vyeupe vya kufumwa, meza mbele yake na mama kati yake na mlango.

"Mwanangu, kuku wa mgeni hawekwi chini," mama akasema, akamweka yule wa madoadoa mapajani pa Kemuma.

Mabawa yakafunguka.

Sauti iliyomtoka Kemuma sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alipanda juu ya kochi, chupa ya chai ikaanguka, mikono imefunika uso, na kuku akipigapiga miguuni pake. Nami nikacheka. Sikupanga. Kicheko kilinitoka kama kawaida yangu, na Kwamboka akanifuata, tukacheka sote wawili.

Kisha nikaona kitambaa cheupe kimelowa chini ya miguu yake, na chai ilikuwa imemwagikia upande ule mwingine.

Nikaacha kucheka. Yeye aliondoa mikono usoni, akanitazama mimi, si kuku. Akashuka, akapita kando ya ukuta, akatoka. Nilimwita mpaka njia panda. Aliteremka mlima wa Manga bila viatu.

Mama alikuwa bado amesimama pale pale. Nilipomweleza, aliketi.

"Kwa nini hukuniambia? Ningewapeleka wote kwa Kwamboka. Ningewapeleka hata sokoni."

"Niliona utacheka."

"Mimi?" akasema. Alianza kukunja kile kitambaa.

Nilikaa wiki mbili ndipo nikapeleka viatu dukani. Mama Avni alisimama mlangoni. "Wewe rudi. Yeye hapana taka ona wewe."

"Acha tu, Mama Avni," Kemuma akasema kutoka ndani. Akapokea viatu.

"Nisamehe," nikasema. "Hata yai sitaligusa tena."

Hakutabasamu. "Uliniambia umemwambia."

"Nilitaka—"

"Nilimshukuru mama yako, Jethro. Mbele yako. Ukaninyamazia." Alikuwa akiviringisha kitambaa huku akiongea, taratibu. "Mimi ningeishi Manga, na kuku wake wote. Nilikuwa nimeshajipanga. Nilihitaji mtu mmoja tu wa kunitangulia mlangoni. Mmoja."

Mteja akaingia. Kemuma akachukua fimbo ya kupimia, akamuuliza anataka yadi ngapi.

Krismasi ilipofika hakuwepo tena. Mama Avni alisema Kemuma amehamia duka la shemeji yake yeye, Kisii mjini. Duka gani, alikataa kunitajia.

Yule kuku wa madoadoa yupo. Mama hamchinji, hamuuzi, wala hampi mgeni mwingine. "Kuku akishatajiwa mtu ni wa mtu," anasema, na watoto wa jirani wanamwita kuku wa Kemuma bila kujua Kemuma ni nani. Ameangua mara mbili sasa. Mlango ukiachwa wazi hupenda kuingia ndani na kulala kwenye lile kochi.

Nikirudi kutoka shule huokota kijiti uani. Nagonga mlango mara tatu, naingia, namfukuza, naangalia chini ya kochi na nyuma ya kabati. Kisha nasimama kizingitini, nasema, "Hakuna," na nje hakuna anayengoja kuingia.